Akiba Huoza: Juu ya Makopo Mawili ya Chakula cha Samaki

Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa miaka mingi niliichukua methali hii kuwa kauli isiyohitaji kupimwa, hadi mwisho wa majira ya baridi yaliyopita, hapa Saint Paul, nilipoachiwa makopo mawili ya chakula cha samaki na kulazimika kuamua ni lipi kati yake lilikuwa bado chakula.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini, bibi mwenye umri wa miaka 80 na ushei, alikuwa amehamishiwa katika nyumba ya kutunzia wazee. Huko hakuruhusiwa kwenda na tangi lake la samaki. Aliniomba nilichukue, nami nikakubali kwa haraka ya mtu anayeona haya kukataa. Walinijia samaki saba wa jamii ya Tropheus duboisi, ambao wakiwa wadogo huwa weusi wenye madoa meupe, na wakikua madoa hufutika, kichwa kikageuka buluu na kiwiliwili kikavikwa mshipi mmoja mpana. Wafanyabiashara wa samaki wa mapambo huzitofautisha koo za samaki hawa kwa majina ya mahali zinakotoka. Hawa wa jirani yangu waliitwa kwa jina la Maswa. Si Maswa ya Simiyu, bali ile ya mwambao wa Ziwa Tanganyika, kusini mwa Kigoma. Mimi sijawahi kufika Kigoma. Nilikutana na wenyeji wa ziwa lile katika sebule ya Minnesota, theluji ya Machi ikiwa bado imelala dirishani.

Pamoja na tangi yalikuja makopo mawili. La kwanza lilikuwa kubwa, limekwisha kufunguliwa, limebaki nusu. Tarehe iliyopigwa chini yake ilikuwa bado na miezi kumi na minne mbele. La pili lilikuwa dogo, halijafunguliwa, utando wake wa karatasi ya fedha ukiwa mzima. Tarehe yake ilikuwa imepita kwa miezi mitatu. Nilifungua lile kubwa. Vipande vyembamba ambavyo kwa kawaida huwa vya kijani kilichokolea vilikuwa vimepauka, upande mmoja vimeshikana mabonge, na harufu iliyonipokea haikuwa ya samaki wala ya mwani. Ilikuwa harufu ya mlango uliopakwa rangi ya mafuta siku mbili zilizopita. Kisha nikauchana utando wa lile dogo. Humo mlikuwa na kijani cheusi, vipande vikavu vinavyovunjika kwa sauti, na harufu iliyonirudisha Paje, mwani ulipoanikwa uani ukingoja wanunuzi.

Kwa mujibu wa tarehe, kopo la kwanza lilikuwa zima na la pili limeharibika. Kwa mujibu wa pua yangu, mambo yalikuwa kinyume. Samaki saba walikuwa wamekuja juu ya maji, kama wafanyavyo kila wanapoona kivuli cha mtu, na mmoja wa mashahidi wawili alikuwa akisema uongo.

Swali la nani aaminiwe ni dogo kwa umbo, na ninajua kwamba wapo watakaocheka kuona insha nzima ikiandikwa juu yake. Lakini ninaamini kwamba ndani yake limo swali lingine ambalo si dogo: ni wajibu gani alio nao mtu anayemlisha kiumbe mwingine chakula ambacho yeye mwenyewe hatakionja, tena kiumbe asiyeweza kusema kwamba chakula kimeharibika?

Tuanze na kile kinachotokea ndani ya kopo. Chakula cha samaki wa mapambo hutengenezwa kwa unga wa samaki, uduvi, ngano, soya na mwani wa spirulina, kisha huongezwa mafuta ya samaki na vitamini. Mafuta hayo ndiyo yenye thamani kubwa mwilini mwa samaki, na ndiyo mepesi kuliko yote kuharibika. Oksijeni ya hewani huyavunja, na mabaki ya kuvunjika huko ndiyo yanayoleta harufu niliyoinusa. Kufanana kwake na rangi ya mlango si bahati: rangi ya mafuta hukauka ukutani kwa tendo lile lile, mafuta ya kitani yakishikana na oksijeni. Vitamini C nayo hupotea mapema, na samaki wengi wenye mifupa, kama sisi wanadamu, hawawezi kujitengenezea. Samaki aina ya trauti akiikosa kwa muda mrefu hupinda uti wa mgongo. Wafugaji wa Japani walipata kuwalisha samaki aina ya kapi pupa wa nondo wa hariri ambao mafuta yao yamechacha. Samaki wakakonda migongoni hadi maradhi yakapewa jina lake, sekoke.

Yote haya hayaji kwa ghafla, wala hayafuati kalenda. Katika kampasi ya Saint Paul ya Chuo Kikuu cha Minnesota, si mbali na ninapoishi, mtaalamu wa sayansi ya chakula Theodore Labuza alitumia maisha yake ya kazi kuchunguza jinsi chakula kinavyozeeka, na mwaka 1982 alitoa kitabu kuhusu tarehe za uhai wa vyakula. Somo moja kubwa la kazi yake ni kwamba umri wa chakula hauhesabiwi kwa siku peke yake. Huhesabiwa kwa joto, kwa maji yaliyo huru ndani yake, kwa hewa na kwa mwanga. Kwa makadirio ya jumla, joto likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, uharibifu mwingi huenda kwa kasi maradufu. Na ukavu nao si wokovu mtupu: chakula kikilowa, kuvu hupata maji ya kuotea, lakini kikikaushwa kupita kiasi mafuta yake huanza tena kuchacha upesi, kwa kuwa yameachwa wazi mbele ya oksijeni.

Kopo kubwa la jirani yangu lilikuwa limekaa juu ya kifuniko cha tangi, kando ya taa, mvuke wa maji ya uvuguvugu ukipanda chini yake na vidole vilivyolowa vikiingia ndani kila asubuhi. Kopo dogo lilikuwa limekaa kabatini, gizani. Miezi kumi na minne iliyoandikwa chini ya lile la kwanza haikuwa imehesabiwa kwa maisha ya namna hiyo.

Basi tarehe ni nini? Hapa Marekani, jambo ambalo huwashangaza wengi wetu tunapolijua, sheria ya shirikisho hailazimishi tarehe ya mwisho juu ya vyakula vya binadamu, isipokuwa maziwa ya watoto wachanga ya viwandani. Tarehe nyingine nyingi tunazoziona madukani ni makadirio ya mtengenezaji kuhusu ubora: mpaka lini anadhani bidhaa yake, ikiwa imefungwa na kuhifadhiwa vyema, itabaki kama alivyotaka iwe. Kwa chakula cha samaki hali ni hiyo hiyo. Sisi tuliotoka Afrika Mashariki tumelelewa kuisoma tarehe kwa namna nyingine. Kwetu bidhaa iliyopitwa na muda huteketezwa na wakaguzi mbele ya wapiga picha, na kwa sababu nzuri, maana wapo wafanyabiashara wanaofuta tarehe ya zamani na kupiga mpya. Kwa hiyo tumejifunza kuiona tarehe kama hukumu. Kumbe ni ahadi, tena ahadi yenye sharti. Aliyeitoa alikijua chakula kilipotoka mikononi mwake. Hakujua kitafunguliwa lini, kitawekwa wapi, wala na nani. Ni kama barua ya utambulisho aliyopewa kijana alipoondoka kijijini. Barua inaweza kuwa ya kweli tupu na kijana akawa amekwisha kubadilika.

Mtu anaweza kusema: kama tarehe haitoshi, tuirudie pua. Wazee wetu hawakuwa na tarehe, na waliishi. Mama aliyekwenda sokoni aliinua shavu la samaki kutazama kama matamvua bado ni mekundu, akabonyeza mnofu kwa kidole, akanusa, akaamua. Dagaa alichukuliwa kiganjani, akavunjwa, akatafunwa mmoja. Elimu hiyo ni ya kweli, na ninasikitika ninapoona inatutoka hapa ughaibuni, tunaponunua dagaa katika mifuko ya plastiki katika maduka ya Kiafrika ya Brooklyn Park na kugeuza mfuko kutafuta tarimu badala ya kuutazama ulicho nacho. Pua yangu ndiyo iliyolikamata kopo kubwa, si tarehe.

Lakini pua nayo ina mipaka, na mipaka hiyo imelipiwa kwa roho za watu. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa maradhi yasiyojulikana, na uchunguzi ukafika kwenye mashudu ya karanga kutoka Brazil yaliyochanganywa katika chakula chao. Miaka hiyo hiyo, vituo vya kuzalishia samaki vya Marekani viligundua kwamba trauti wao wana saratani ya ini kwa wingi wa kutisha. Chanzo kilikuwa ndani ya vidonge vya chakula chao, katika mashudu ya mbegu za pamba. Katika visa vyote viwili mkosaji alikuwa mmoja: sumu inayotengenezwa na kuvu wa jamii ya Aspergillus, ambayo leo katika Kiswahili tunaiita sumukuvu. Trauti ni miongoni mwa viumbe wanaodhuriwa nayo kwa urahisi mno, hata kiasi kidogo sana kikatosha. Kwa hiyo samaki waliolishwa bila kuulizwa walikuwa miongoni mwa mashahidi wa mwanzo wa hatari ambayo baadaye tuliijua kwenye mahindi yetu. Mwaka 2004, katika maeneo ya Makueni na Kitui nchini Kenya, na wilaya za jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa mahindi yenye sumukuvu. Mwaka 2016 msiba wa aina hiyo ulizipata familia za mikoa ya Dodoma na Manyara.

Sumukuvu haina harufu wala ladha ya kumwonya mlaji. Moto wa kawaida wa jikoni hauimalizi, na baridi ya friza huizuia kuvu isiendelee kuota lakini haiondoi sumu iliyokwisha kutengenezwa. Mtu anaweza kupeperusha mahindi, akatoa punje zilizobadilika rangi, akapunguza hatari. Hawezi kunusa na kusema kwa yakini kwamba haimo. Hivyo pua ikisema chakula kimeharibika, iaminiwe. Ikisema ni kizima, imesema tu kwamba haikuona kitu.

Tunabaki, basi, na mashahidi wawili wenye upungufu. Tarehe inajua mwanzo wa safari na haijui njia. Pua inajua mahali safari ilipofikia, tena kwa nje tu. Anayekosekana ni shahidi wa katikati, yaani aliyekuwako njiani.

Na hapa mji huu ulionipokea una jambo la kutufundisha. Minneapolis ilikua kwa viwanda vya kusaga ngano kando ya maporomoko ya Mto Mississippi, na mojawapo ya kampuni zilizozaliwa hapo ni Pillsbury. Mwanzoni mwa safari za anga za Marekani, kampuni hiyo ilishirikiana na NASA na maabara ya jeshi ya Natick kutengeneza chakula cha wanaanga. Mwanaanga akiharisha angani hana hospitali ya kukimbilia, kwa hiyo chakula kilitakiwa kiwe salama kwa yakini iliyo karibu na ukamilifu. Kundi lililoongozwa na Howard Bauman liligongana na ukuta wa ajabu: ili kuthibitisha usalama kwa kupima chakula kilichokwisha kutengenezwa, ingebidi kupima kingi mno, na kila kinachopimwa hakiliki tena. Yakini ingekila chakula chenyewe, na wanaanga wangebaki na makombo. Suluhisho lao lilikuwa kuacha kukitegemea kipimo cha mwisho na kuilinda njia nzima: kujua kila hatua ambapo madhara yanaweza kuingia, kuisimamia, na kuandika. Utaratibu huo, uliotangazwa hadharani mwaka 1971, ndio unaojulikana dunia nzima kwa herufi HACCP.

Utaratibu huo ulifika kwetu kwa njia ya samaki. Kati ya mwaka 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia mara kadhaa kuingizwa kwa samaki wa Ziwa Victoria, na viwanda vya minofu ya sangara vya Mwanza, Kisumu na Uganda vikalazimika kuifuata njia ile ya Minneapolis, hatua kwa hatua, kwa barafu, vipimajoto na madaftari. Ulikuwa ushindi wa elimu. Lakini mnofu ulipokwenda Ulaya ukiwa na daftari lake, kichwa na mifupa ya sangara huyo huyo, wale tunaowaita mapanki kwa upande wa Mwanza na mgongo wazi kwa upande wa Kisumu, walianikwa juani na kuuzwa kwa maskini bila daftari lolote. Samaki alikuwa mmoja. Kilichotofautiana ni mlaji, na nguvu aliyokuwa nayo ya kudai ushahidi.

Nadhani hapo ndipo swali la kimaadili linapojitokeza bila pazia. Ubichi wa chakula tunauzungumza kana kwamba ni sifa ya chakula, kama vile rangi au uzito. Kwa kweli ni historia, na historia huhitaji mtu wa kuitunza. Swali ni nani hutunziwa historia hiyo. Mwenye nguvu hutunziwa kwa sababu anaweza kukataa. Asiye na nguvu huachiwa bahati.

Utamaduni wetu ulikuwa na dawa yake kwa tatizo hili, nayo ilikuwa kuonja. Mpishi huonja. Hata katika mchana wa Ramadhani mafakihi wameruhusu anayepika, akiwa na haja, aonje kwa ncha ya ulimi bila kumeza, kwa kuwa wengine watakula alichokipika. Mwenyeji hukaa na mgeni kwenye sinia moja, na mkono wake kuingia katika wali ule ule ni kauli kwamba lililo salama kwangu ni salama kwako. Dhamana ya chakula ilikuwa tumbo la mlishaji mwenyewe. Yule anayekula na wewe hahitaji kukuonyesha tarehe.

Kuna walishaji, hata hivyo, ambao hawawezi kutoa dhamana hiyo. Anayemlisha samaki ni mmoja wao. Mwingine ni afisa anayegawa unga wa msaada kambini, na mwingine mama anayechanganya maziwa ya unga ya mwanawe. Na wengi wa ndugu zetu katika miji hii miwili, Wakenya, Wakongo, Wasomali na Watanzania, hufanya kazi katika nyumba za wazee na za wagonjwa, wakiwalisha kwa kijiko watu waliopoteza uwezo wa kusema kwamba uji ni wa moto mno. Wao hawali kutoka bakuli lile. Kati yao na anayelishwa hakuna sinia la pamoja. Kuna amana peke yake.

Rai yangu ni kwamba dhamana ya sinia ikiondoka, uangalifu lazima uongezeke ili kuziba pengo lake. Mtu akiamua kula mkate wake wenye mashaka, amecheza na tumbo lake, na ana ulimi wa kuacha katikati. Akimpa asiyeweza kukataa, amecheza kwa mtaji wa mwingine. Shaka ninayoweza kuivumilia kwa ajili yangu, siwezi kuivumilia kwa niaba yako bila kukuuliza. Na samaki haulizwi. Huyu wa Tanganyika, ambaye ziwani angekwangua mwani kwenye mawe na kujichagulia jiwe, tangini hana jiwe lingine. Tumemwondolea uchaguzi wote isipokuwa ule wa kufungua kinywa. Nani atasema kwamba aliyeuchukua uchaguzi huo hakuubeba pamoja na mzigo wake?

Pingamizi la kwanza ni lile la wenye kucheka: ni samaki tu. Sitaingia katika ubishi wa kiasi gani samaki anahisi. Inanitosha kwamba tabia ya mkono haibagui sana. Mkono uliozoea kumwaga kisichojulikana tangini, kwa kuwa anayekula hatalalamika, unajifunza kanuni, na kanuni hiyo si ya samaki peke yao. Ile mifupa ya sangara iliuzwa kwa kanuni hiyo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na limenisumbua. Chakula ni neema, na kukitupa ni israfu. Unga wa samaki uliomo katika kopo lile ulikuwa samaki fulani, wa bahari au ziwa fulani ambalo kibandiko hakikulitaja. Kwetu tunajua kwamba sehemu kubwa ya dagaa wa Ziwa Victoria huenda kwenye chakula cha kuku na cha samaki wa kufugwa, na kila kilo inayokwenda huko haikwenda kwenye sufuria ya mtu. Ni haki gani niliyo nayo ya kumwaga pipani kilichokwisha kuondolewa mdomoni mwa wengine, kwa sababu ya harufu tu? Tena wale wa Makueni na Kitui hawakula mahindi yao kwa ujinga. Walikula kwa sababu mengine hayakuwapo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na shaka yangu mbele ya makopo mawili ni anasa ya mtu mwenye makopo mawili.

Ninalikubali pingamizi hili kwa nusu. Ni kweli kwamba kiwango cha shaka hakiwezi kuwa kimoja kwa watu wote. Njaa hubadilisha hesabu, na anayemhukumu mwenye njaa kwa kanuni za mwenye shibe anamdhulumu. Lakini jambo hilo hilo linamfunga mwenye shibe badala ya kumfungua. Aliye na kopo la pili hana udhuru wa kutumia la kwanza. Na kuhusu israfu, nadhani tunaitafuta mahali pasipo. Haikutendeka siku ile nilipolimwaga kopo. Ilitendeka siku liliponunuliwa kubwa kuliko mahitaji, kwa kuwa kubwa lilikuwa nafuu kwa kila gramu, ilhali samaki saba hula mfinyo mmoja tu kwa siku. Chakula kilichofunguliwa hupaswa kumalizika katika miezi michache. Kopo la kutosha miaka miwili limenunuliwa likiwa tayari limepotea kwa zaidi ya nusu. Akiba haiozi ikiwa ni fedha au elimu. Akiba ya mafuta ya samaki huoza, na anayeinunua kwa wingi amenunua uozo wa mbeleni.

Nilifanya hivi. Kopo kubwa nililifunga ndani ya mfuko na kulitupa, si chooni wala ziwani. Kopo dogo nililitumia, licha ya tarehe yake, kwa mfinyo mdogo na kwa muda mfupi, maana nilijua njia lilikopita: utando mzima, kabati kavu, giza. Baada ya wiki tatu nilinunua jipya, dogo kuliko yote dukani, nikaligawa mara mbili, nusu nikaiweka friza katika chupa iliyofungwa vyema, nikikumbuka kuiacha ipate joto la chumba kabla ya kuifungua ili umande usiingie. Juu ya kifuniko niliandika kwa kalamu ya wino mzito siku niliyolifungua. Ulikuwa ushahidi mdogo, lakini ndio uliokosekana kati ya tarehe na pua.

Sitaficha kwamba wakati wote huo nilikuwa na kiburi. Moyoni nilikuwa nimekwisha kumhukumu jirani yangu: mtu gani huwapa samaki chakula kinachonuka rangi, kila asubuhi, kwa miezi, na asijue? Nilipokwenda kumtembelea, nikiwa na picha za samaki katika simu, nilimweleza habari ya makopo, na nadhani sauti yangu ilikuwa na lawama niliyodhani nimeificha. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba pua yake iliacha kunusa miaka kadhaa iliyopita. Kwanza ilikwenda harufu ya kahawa, halafu nyingine zote. Ndiyo maana siku zote alitazama tarehe. Ndicho kitu pekee alichokuwa amebakiwa nacho.

Nilikaa kimya. Nilikuwa nimeandika akilini mwangu kesi nzima dhidi ya tarehe, na sikuwa nimefikiri kwamba wapo watu ambao tarehe ndiyo pua yao. Yeye hakuwa mzembe. Alikuwa ameshika uaminifu kwa shahidi mmoja aliyemfikia, na shahidi huyo hakumwambia kwamba ahadi yake ilikwisha siku kopo lilipofunguliwa. Kosa la hukumu lilikuwa langu. Nililijua njia ya makopo yote mawili, lakini sikuulizia njia ya mwenye makopo.

Mhudumu aliingia na sinia la chakula cha mchana, akakaa kando ya kitanda, akafungua kifuniko cha kikombe cha maziwa. Kabla ya kumpa, alikisogeza puani mwake, akanusa, kisha akakigeuza kutazama tarehe. Jirani yangu alimtazama akifanya hivyo. Halafu akanigeukia na kuniuliza kama ile tarehe niliyoiandika kwenye kopo jipya ilikuwa na herufi kubwa za kutosha, maana, alisema, siku moja nami nitamwachia mtu mwingine samaki hao.

Niliporudi nyumbani niliiandika upya.